Mpangaji wa Nyongo

Chupa tisa za damu katika mwezi mmoja,
na sita kati yake zatoka kwenye arusi moja ya Langoni.
Walikula pilau, wakanywa sharubati ya ukwaju, wakacheka.
Siku ya kumi na mbili wakaanza kuletwa,
juu ya punda, juu ya toroli, mgongoni mwa baba,
homa ikiwapanda kidato kwa kidato
kama mtu apandaye ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Nakuchungulia kwenye hadubini, kijiti wee,
mijeledi pande zote, huna jicho, huna kauli.
Elfu nzima mkijipanga kichwa kwa mkia
hamvuki upana wa punje ya mchele.
Nani alikufunza adabu za mji huu?
Hukuvunja mlango. Ulipiga hodi.

Siki ya tumboni iliwaua wenzako wengi.
Wachache mkapenya hadi utumbo mwembamba,
uchochoro mrefu wenye vidaka ukutani.
Hapo hukaa mabawabu, kazi yao kuonja kila kipitacho
na kukiingiza ndani kikaguliwe.
Ukajitia mikononi mwao. Ulitaka kukamatwa.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukuchukia vizuri.
Chembe nyeupe ilikuja, jitu lenye njaa, ikakumeza.
Hivyo ndivyo imezavyo wote, na wote huyeyuka.
Wewe ukatandika mkeka.
Ukajijengea chumba ndani ya mlinzi, ukakomea, ukazaa.
Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na hadubini. Hiki ki tumboni mwa askari,
na askari anakibeba wenguni, inini, ubohoni,
akidhani yumo doriani.

Na ulipotoka nje ulijitanda shiraa ya sukari,
kama mabibi wa zamani wakivuka vichochoro
hata kaka zao wasiwajue kwa mwendo.
Kingamwili zilipapasa kitambaa, hazikugusa uso.

Famau, miaka saba, aliongea na ukuta siku tatu.
Aliuomba unyamaze.
Utumbo ulitoboka usiku wa Alhamisi.
Boti ya kumvusha Mokowe ilipopata mafuta
hakuihitaji tena.

Nikafuata jagi nyuma, jagi hadi sufuria,
sufuria hadi mpishi: Bi Mwanarabu,
aliyenikanda mgongo siku arubaini nilipojifungua.
Nilimpa kikopo, nikaona haya, akakirudisha kimefungwa
ndani ya leso iliyopigwa pasi.

"Mimi si mwele, mwanangu," asema leo, akinimiminia.
Kweli. Homa yake aliipata mwaka wa Elinino,
visima vilipochanganyika na vyoo.
Akapona, akasahau. Wewe hukusahau.
Ulipanda hadi mfuko wa nyongo, ukakuta kijiwe,
ukakitandika zulia la utelezi, ukakaa.
Miaka yote hiyo, hulipi kodi, huvunji sahani,
washuka tu na choo chake cha alfajiri
kutafuta mkono, na mkono ukatafuta jagi.

Uani, kwenye birika, samaki wawili wadogo wazunguka
wakila mabuu ya mbu. Ndio ulinzi tuliorithi.
Hawana habari nawe.

Nina karatasi mfukoni, ina muhuri.
Ipo dawa ya wiki nne, kipo kisu cha daktari kwa kile kijiwe.
Maneno ndiyo hayapo.
Nimeyapanga njia nzima kutoka hospitali,
yakanimwagikia kwenye daka lake
aliponiita kwa jina langu la utotoni.

Kikombe kiko mbele yangu: ukwaju, iliki, vipande viwili.
"Kunywa basi, barafu inayeyuka."

Natazama kucha zake.
Bado zina hina ya ile arusi.