Dodoso la Majaribio

Watu wa Mkuti wakisikia "maabara"
huja na kidole kimeshanyooshwa,
wakidhani tutachoma, tutapima malaria.
Hatuna darubini. Tuna makabati mawili ya chuma,
feni inayolalamika upande mmoja,
na mimi, Dadi Mnali, mshika funguo,
mwaka wa saba huu nahesabu karatasi
za usingizi wa watu.

Jumatatu wamekuja wapya watatu.

Somoe Likwena, muuguzi, katokea Lindi
na ndoo yenye mfuniko. Ndani, wala si nguo:
chumvi ya kwao, kawaletea watu asiowajua.
"Nimeambiwa Masasi mnakula bila ladha,"
na kabla hatujacheka kashauliza choo kiko wapi.

Rwegasira, mtakwimu, mrefu
hata mlango ukamsalimu kwenye paji.
Kwao Muleba. Aliulizia ndizi za kupika
kabla ya kuulizia mshahara.
Tukamwonyesha muhogo. Akautazama
kama mtu anayesomewa hukumu.

Na Ausi, dereva. Huyu hakusema kitu.
Alisaini daftari, akairudisha kalamu
palepale ilipokuwa, akainyoosha,
akaenda kukaa na gari.

Daktari Nambunga hana hotuba za kukaribisha.
Mgeni humpa dodoso.
"Mhojiane. Majibu mtunge.
Asiyejua kuulizwa hajui kuuliza."

Kwanza wakakwama kwenye neno.
Karatasi imeandikwa sonona.
Somoe akasema: hilo ukimpelekea bibi yangu
atakwambia yeye hana, jaribu duka la pili.
Yustina, wetu wa zamani, wa Chiungutwa,
akasema: kwetu mtu ana mawazo, basi,
na kila anayesikia hupunguza sauti.
Rwegasira akaandika ubaoni: mawazo.
"Na mimi ninayewaza kutwa, nina nini?"
"Wewe una mshahara," Yustina akamjibu.

Mmoja akakosa mwenza. Nikatumwa kumwita dereva.

"Wiki mbili zilizopita," Somoe akasoma,
"siku ngapi umekosa hamu ya kula?"
"Zote."
"Unatunga haraka wewe," akatabasamu.
"Siku ngapi umejiona mpweke?"
Ausi akaangalia funguo za gari.
"Tangu msimu wa salfa," akasema,
"kwangu sahani inayooshwa ni moja."

Feni ikazunguka. Rwegasira,
aliyekuwa akijitungia ugonjwa wenye asilimia,
akanyamaza katikati ya desimali.
Somoe hakusema pole. Niliona hilo.
Aliweka penseli chini, akalaza karatasi kifudifudi,
akahamisha kiti kutoka mbele yake
hadi ubavuni,
wakawa wawili wanaotazama ukuta mmoja.
"Hii siandiki. Niambie."
Sisi wengine tukakumbuka ghafla kazi za nje.

Madodoso ya majaribio, kwa utaratibu, huchanwa.
Nilichana matatu. La nne
nilimpa mwenyewe mkononi,
jeupe kuanzia swali la tatu.
Alilikunja mara nne, akalitia mfuko wa shati,
pale inapokaa leseni.

Sitasema amepona. Leo ni Alhamisi tu.
Wiki ijayo atakwenda na Somoe kumwona mtu,
si hapa; hapa ni kazini.
Lakini saa nne, baada ya chai na mihogo
(yenye chumvi ya Lindi, na Rwegasira akaongezwa,
akaongezwa tena),
Yustina alipoanza kukusanya vikombe
Ausi alimpokea, kimya,
akaenda navyo bombani.

Vilikuwa sita.
Alisuuza kimoja, akakipindua, akashika kingine.
Nilikuwa na haraka ya kufunga jiko.
Nikangoja.