Sikio la Kushoto

Pua yangu ni ya dagaa. Miaka tisa
naanika Igombe, nageuza, nafunga magunia;
ndiyo maana harufu ile sikuisikia
Mabula akilala kifuani pangu.
Usaha niliupangusa kwa ncha ya kanga.
"Litakauka lenyewe," wakasema.
Nikatia mafuta ya vuguvugu, nikatia maji ya kitunguu,
Mungu anisamehe, nikalala.

Kinyozi ndiye aliyezima mashine.
Lushinge, mtu wa maneno machache,
alimgeuza mtoto mbele ya kioo, akamgeuza tena:
"Mama, hili la kushoto limesimama."
Nyuma yake uvimbe, mwekundu, wa moto,
umelisukuma sikio mbele
kama mlango unaosukumwa na mtu aliye ndani.
Hela yangu hakuitaka. "Nenda leo. Si kesho."

Mlima wa Bugando tuliupanda na homa mgongoni.
Daktari alibonyeza mfupa; yowe lake likaniingia mimi.
"Usaha umehamia hapa. Na jirani wa hapa ni ubongo."
Dawa ya mshipani, kisha kisu.
Nilitia saini kwa mkono unaonuka ziwa.

Sikio la kufa halisikii dawa:
msemo huo niliufungia mdomoni
usiku kucha, meno yakauma.

Siku ya sita, bandeji kichwani,
aliamka amenuna:
"Mama, mwambie huyo aache."
Nani?
Akanyoosha kidole dirishani.
Mbali, chini kabisa,
feri ya Kamanga ilikuwa inapiga honi.