Ilisoma Alfajiri

Ghala la baridi, Shimanzi. Saa sita kasorobo usiku.
Nimeandika digrii tano palipokuwa na nane,
nikahifadhi, nikaegemea kiti.
Faili limekubali. Ukuta umekataa:
taa za kipimo zingali zinasema nane,
na chanjo za watoto wa Jomvu zimelala ndani
kwa amri iliyokwisha kufutwa.

Programu haina ukaidi.
Ilisoma alfajiri, mara moja, herufi kwa herufi,
ikayatia kichwani iliyoyasoma,
ikafunga faili kama mtu akunjavyo barua.
Tangu hapo yaishi kwa kumbukumbu,
na kumbukumbu haipigiwi hodi.

Shekue, aliyenirithisha zamu hii,
alikuwa na dawa moja tu: izime, iwashe.
Ikiamka itasoma upya.
Kweli. Lakini baina ya kuzima na kuwasha
mashine zanyamaza, joto lanyatia,
nami nahesabu sekunde kama mdeni.

Basi nikaifundisha kuuliza.
Kila nusu dakika ikabishe kwa faili:
Umeguswa lini? Jana.
Umeguswa lini? Jana.
Umeguswa lini? Jana, we, si nimekwambia!
Kama Bi Mwanakheri, jirani yetu wa Kuze,
aliyekuja kila baada ya adhana kuulizia barua ya mwanawe,
mama akimjibu bila kuinua uso kwenye mbatata.
Na siku ilipofika,
ilifika baina ya maswali mawili.

Ndipo nikamwendea bawabu mwenyewe,
kiini cha mfumo, asiyepitwa na mlango wowote.
Nikamwachia jina: likiguswa hili, nigutue.
Programu ikalala. Usingizi usiokula umeme.

Nikaandika tano.
Nane.
Nikaandika tena.
Nane.

Hapo nikatoka jasho ndani ya nyumba ya barafu.
Kumbe chombo changu cha kuandikia hakigusi faili la zamani:
huandika jipya kando, likitimia
hulivika jina la mwenzake,
na mwenzake huondoka bila jina, bila kilio.
Bawabu hakunidanganya.
Nilimwambia alinde mtu, akalinda,
hata mtu alipokuwa maiti.
Jina lilikwisha kuhamia kwa mwingine.

Nikamhamisha lindo. Sasa atazama folda nzima,
nani aingia, nani atoka, kwa jina la nani.
Nikamwonya na mlalaji:
ukigutuliwa usikurupuke, huenda kalamu ingali njiani;
ngoja kidogo, soma, pima,
na ukikuta upuuzi mahali pa namba
shika la jana, kisha upige kelele.

Saa nane na robo.
Tano kwenye faili. Tano ukutani.
Kompresa ikabadili pumzi, na hakuna kilichozimwa.

Asubuhi nilirudi kwa miguu, nikapitia Kuze.
Nyumba ya Bi Mwanakheri ina rangi ya samawati sasa,
kijana auza chaja pale barazani pake,
na mwenyewe tulimzika mwaka juzi, mimi nikiwa mchukuzi.
Lakini mguu wangu ukasimama mlangoni,
mdomo ukafunguka kusema shikamoo.