Asali ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba, hapa Isevya, asali huganda.
Mteja anapindua chupa, ananikazia macho:
"Nyanzala, umetia sukari."
Namwambia kaianike juani, itarudi.
Baridi tu hiyo. Si kosa la asali.

Wewe hukurudi, mguu wangu wa kushoto.
Jumanne ulikuwa mguu, Jumatano gogo,
umefura toka kifundoni hadi gotini,
ngozi inang'aa kama sufuria jipya,
na joto lako nalisikia juu ya kanga.

Shangazi Kabula akasema nimekanyaga kitu,
kuna mtu kamwaga mlangoni.
Akachemsha maji, akatafuta samli,
akapandisha mikono ya gauni akukande.
Nilikuacha mikononi mwake, nakiri.
Mara mbili kidole gumba kilipita
juu ya ile kamba ngumu ndani ya nyama.
Mara ya tatu kifua kikanibana,
kidogo tu,
kama mtu aliyefunga mlango wa chumba cha pili.

Kule Kitete, Daktari Sizya hakuanza na pole.
"Nani kaukanda?"
Kisha akaomba faili lote:
vidole vinavyokataa kukunjika asubuhi,
vipele vya mashavuni kila nikitoka sokoni mchana,
na karatasi mbili za wodi ya wazazi
ambazo sikuwahi kuzitoa pamoja.
Miezi minne.
Miezi mitano na wiki moja.
Akazipanga mezani, moja kando ya nyingine,
akakaa kimya mpaka nesi akachungulia.

Kwamba mwili wangu unajishambulia, nilikuwa najua.
Mimi mke wa mrina asali, nilielewa upesi:
nyuki waliosahau harufu ya mzinga wao.
Ila hakuna aliyeniambia ugomvi ule unaganda.
Kwamba kwa baadhi yetu damu hukimbilia kuziba
pasipo jeraha lolote,
mguuni, mapafuni,
hata kwenye kondo,
pale mtoto anaposubiri chakula.

Miaka sita, Mihambo.
Miaka sita mama yako akinitazama tumbo
kama mtu anayetazama mfuko uliotoboka.
Usiku ule nilikusomea karatasi zote mbili
na wewe ukatoka nje kuifunga baiskeli
iliyokuwa imeshafungwa.

Sasa naishi kwa kidonge cha saa mbili usiku.
Nikijigonga kwenye ndoo ya asali
doa jeusi hukaa wiki mbili.
Nsansa sikukatazwa, nimekatazwa pupa:
usile sahani nzima leo na kesho patupu,
kiasi kile kile, kila siku.
Wananitoa damu kupima kama imekuwa nyepesi mno au nzito,
na kuna miezi vitendanishi vimeisha,
narudi nyumbani na sindano ya bure mkononi,
nakisia.

Na amri moja ambayo nilidhani ni rahisi:
usikae muda mrefu.

Shangazi Kabula alifariki mwezi wa tatu. Presha.
Tukakaa mkekani, miguu imenyooshwa, bega kwa bega.
Saa moja ilipotimia nikainuka,
nikatembea toka jikoni hadi shimo la jivu,
nikarudi, nikakaa.
Saa nyingine, tena.
Mara ya tatu nikasikia nyuma yangu:
"Huyu anahesabu waombolezaji?"
"Na ndiye aliyemlea!"

Sikujibu. Ningeanzia wapi,
kwenye samli?

Tembea, mguu.
Pita kando ya masufuria ya wali wa msiba,
mpishe mtoto mwenye kuni,
fika kwenye jivu, geuka.
Yeye hatakasirika.
Aliyekukanda siku ile alikuwa anataka hivi hivi,
uamke, uende.