Bisibisi Sikioni

Miaka ishirini na sita, gereji ya Pasua,
nimegusisha ncha ya bisibisi kwenye injini,
mpini sikioni,
nikasikia beringi inayolalamika,
valvu iliyolegea, uongo wa aliyeniuzia oili.
Sikusoma chuo. Mlio ndio cheti changu.

Jumanne Ndeanasia akaleta lake.
Rangi ya jivu, limeinama kama paka anayevizia,
tangu lizaliwe halijui sheli.
"Hela ya parachichi," akasema, "usiniulize zaidi."
Nikafungua boneti nikamkuta nani?
Kanga mbili, na galoni la mbege.
Nikaweka bisibisi hivyo hivyo, kwa mazoea.
Nilichosikia ni damu yangu mwenyewe.

"Panda," akasema.

Weruweru tulipita polepole kama waenda msibani.
Kisha Kikafu, kile kilima
ambacho malori hukipanda yakikohoa
na utingo akitembea kando, jiwe mkononi.
Ndeanasia hakubadili gia. Hakuna gia.
Alivua kiatu, akakanyaga.

Shingo yangu ilibaki darajani.
Tumbo lilikuja baadaye, peke yake, kwa miguu.
Hakuna ngurumo, hakuna moshi,
hakuna ile nukta gari linapojishauri:
umetaka, umeshafika.
Nikacheka, mimi mzee wa kanisa,
kama mtoto aliyerushwa juu na mjomba
asiyejua bado kwamba mikono huchoka.

Debe tupu haliachi kuvuma, hilo nililijua.
Sikujua lililojaa linakwendaje.

Tuliporudi akaniuliza lina kasoro gani.
Nikalizunguka mara mbili, nikapiga goti,
nikatafuta kosa kama mkwe anayekagua nyumba.
"Tairi la nyuma, kulia. Limelika kwa ndani."
Basi. Hilo tu.
Akanipa elfu kumi, akachomeka waya saluni ya jirani,
na umeme ukakatika papo hapo,
wanawake wakatoka na nywele nusu mbichi
wakimtukana yeye, na mimi, na parachichi.
Gari likakaa pale, kimya, halina hatia.

Leo limeingia Fuso la ndizi kutoka Kibosho.
Linatetemeka, linatema, linajisifu.
Nimeweka bisibisi, nimesikia yote:
beringi, valvu, oili ya uongo.
Anaeli, kijana wangu, ananitazama.
"Fundi," anauliza, "unachekea nini?"