Kiasi na Asili

Ubao wetu wa maonyesho ni boksi la friji.
Tumelipasua ubavuni, tukalinyoosha kwa matofali,
na nyuma yake bado pameandikwa UPANDE HUU JUU,
mshale ukielekea, kwa jinsi tulivyolisimamisha,
dukani kwa Mangi.

Zimebaki siku kumi na moja.
Gaudensia anapaka gundi. Shomvi anahesabu ubuyu:
punje nyekundu, mtoto aliyeharisha;
punje iliyolambwa ikabaki nyeupe, mtoto mzima.
Kazi ya kulamba arobaini na tisa
Shomvi hakumwachia mtu.

Vingunguti yetu, kutoka machinjioni
hadi pale bomba lilipopasuka wakati wa masika,
tulibisha hodi mlango kwa mlango.
"Nyie ni wa sensa?"
"Hapana, mama. Kidato cha tatu."
Mmoja alitutimua, akidhani tumekuja kukagua choo chake.
Mwingine akatukalisha, akatupa chai,
akatusimulia maumivu ya goti
ambayo hayamo kwenye dodoso.

Mwalimu Ndimbo hakushangilia.
"Wameugua kumi na wanne. Kati ya wangapi?
Kiasi bila asili ni umbea."
Akapiga mstari ubaoni, chaki ikakwaruza hadi meno.
Na majina, akasema, msiniletee.
Mtu ni namba.

Mdogo wangu Mbaraka ni namba tisa.
Alifurahi. Aliuliza kama namba moja
imeshachukuliwa.
Wiki ile ya mvua nilimshikilia juu ya ndoo,
mwepesi kama kanga iliyokauka kambani,
mama akikoroga sukari na chumvi,
akionja, akiongeza maji, akionja tena.

Swali la sita tuliliweka
ili ukurasa ujae tu:
Je, siku tatu kabla, ulilamba barafu ya ukwaju?

Waliolamba, kumi na tisa; wakaugua kumi na mmoja.
Wasiolamba, arobaini na wanne; wakaugua watatu.
Gaudensia akagawanya, akafuta, akagawanya tena.
"Mara nane na nusu," akasema,
akaniangalia mimi,
kisha akaliangalia boksi.

Friji iliyotoka humo iko sebuleni kwetu.
Viatu vyangu vya shule, daftari hizi za dodoso,
hata gundi,
vyote vimetoka kwenye vifuko vya shilingi mia.

Shomvi, ulimi bado mwekundu, alinong'ona:
tunaweza kuliondoa swali la sita.
Jedwali halitalia.
Nilikaa na raba mkononi
mpaka ikashika joto la kiganja.

Usiku nilimkuta mama anafunga vifundo.
Nilimpa namba, maneno yalinishinda.
Hakulia, hakunigombeza.
Aliuliza ilikuwa wiki gani, tukakumbuka pamoja:
bomba kavu siku nne,
madumu mawili kwa kijana wa mkokoteni,
mkaa umepanda bei, akasema leo tu
sichemshi.
Alfajiri akachomoa waya wa friji.
Muungurumo ambao sikuwahi kuusikia
niliusikia ulipokoma.

Jana tumefanya mazoezi ya mwisho.
Mwalimu alikaa kiti cha nyuma kabisa, akijifanya jaji,
miguu juu, anapiga miayo makusudi.
"Asili?"
"Sitini na tatu, mwalimu."
"Sauti!"
"Sitini na tatu!"
"Na chanzo?"
"Barafu kutoka kaya namba saba."
Hakuuliza zaidi. Aliteremsha miguu.

Jioni mama alikuja kuliona boksi.
Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma,
kama mtu aliyeonywa asiguse.
"Sisi tuko wapi hapa?"
Nikamwonyesha.
Akasogea. "Hii imelegea," akasema,
akaibana punje ile kwa kidole gumba,
akihesabu kimoyomoyo
mpaka gundi ikashika.