Mwenye Gumegume Aketi Wapi

Walinipa ukatibu kwa sababu ya mwandiko.
Miaka ishirini na sita nilipanga majalada mahakamani Mpwapwa;
mtu aliyepanga ugomvi wa mipaka na talaka za watu,
walisema, atashindwaje na wazee tisa na mitutu yao?

Nikapanda Kibakwe Jumamosi, uwele umekwisha kuvunwa.
Nikakuta vurugu.
Anayetafuta mdeki amezama katikati ya hadithi ya nguruwe pori,
msimulizi amekalia kopo la mafuta ya alizeti la mwenziwe,
na Ndahani anauliza, mara ya tano sasa, nani ana fataki.
Hakuna anayemsikia.
Lugwisha yuko mwaka wa sabini na nne, bondeni,
magobore yakiwa bado kazi na siyo mapenzi,
na kila akisimulia yule nguruwe hunenepa.

Nikaazima mabenchi ya kanisa. Nikatoa chaki.
Wenye mitambo iliyolegea, hapa, karibu na mwanga.
Chilewa na vitako vyake vya mninga, pale, na randa yake.
Baruti mbali, upepo unakokwenda,
na atakayewasha sigara upande ule
nitamwandika kwa wino mwekundu.
Hadithi nazo nikazipa benchi la nyuma, lenye mguu mbovu,
nguruwe wa Lugwisha akae humo, asitoke.

Ndipo Masinga akasimama, gobore begani,
jiwe lake limebanwa mdomoni mwa mtambo kama jino la mwisho:
"Na mwenye gumegume aketi wapi?"
"Gumegume si wewe mwenyewe!" akajibu mtu wa fataki,
wakacheka mpaka kanga wakaruka kichakani.
Masinga hakucheka. Alisema fataki ni za sikukuu, za watoto,
bunduki ya kweli hula jiwe.
Wakaanza. Babu wa nani alishika nini, nani aliuza, nani aliiba.
Nikapiga mstari mavumbini kwa kisigino:
jiwe huku, fataki kule. Kesi imekwisha.

Jumamosi mbili walikaa kama wanaosubiri komunyo.
Kila mtu alipata zamu. Kila kopo lilirudi kwa mwenyewe.
Vibuyu vya shabaha vilipangwa hatua arobaini,
vikapigwa, vikakoswa, nikaandika.
Kabla ya saa sita wote wamekwenda.
Birika la chai nilirudi nalo zima, likinichoma paja njia nzima.

Jumamosi ya tatu gobore la Masinga likagoma.
Cheche, moshi kidogo, chafya, basi.
Akalishusha taratibu, mdomo wa mtutu ukitazama kilima,
akangoja, kama inavyotakiwa kungoja.
Akageuka kumwuliza jirani.
Benchi la jiwe lilikuwa na mtu mmoja.

Ndahani ndiye aliyevuka,
Ndahani wa fataki, sindano ya kushonea viatu mkononi.
Hakuutazama mstari wangu, aliukanyaga tu.
"Tundu limeziba, gumegume wewe."
Kisha Chilewa. Kisha Lugwisha, aliyekumbuka
kwamba bondeni, mwaka ule, tundu liliziba hivi hivi
na nguruwe amefika hapa, hapa, unaona?
Suruali zao zote zilikuwa na chaki matakoni.

Sikufuta kitu. Upepo wa Kibakwe unajua kazi yake.
Daftarini nimeacha ukurasa usio na kichwa
na huo ndio unaojaa.

Nyumbani, nyuma ya mtungi, ndani ya gunia,
upo mtutu wa baba. Mtutu mtupu;
mtambo wake haukurudi naye kutoka kituoni.
Miezi hii yote nimewapangia pa kukaa
na hakuna aliyeniuliza benchi langu lipi.
Jumamosi nitaubeba.
Chaki ninayo mimi,
na bado sijui niandike nini.